Mwanangu, ndege yako haijakosa balsa, imezidi uzito

Swali: "Papa Fundi, jambo. Ninaishi Himbi, hapa Goma, nasoma mwaka wa tano wa sekondari, na niko na wadogo zangu wawili wanaonisaidia. Tuliona video ya kutengeneza ndege ndogo ya kuchezea, lakini kila hatua inaanza na 'chukua balsa', ule mti mwepesi sana, na mti huo sijauona Birere wala soko la Virunga. Tukatengeneza ya kwetu kwa katoni ya mafuta, waya na skochi, ule utepe wa kubandikia. Tukiirusha inapanda kidogo, inasimama angani kama imesahau kitu, kisha inaanguka kwa mkia. Nyumbani mna vitu gani vya kuchukua nafasi ya balsa? Na tunaweza kuiwekea elastiki izungushe helisi, yale mapanga ya mbele yanayovuta ndege? Pesa hatuna nyingi."

Jibu:

Mwanangu, "inasimama angani kama imesahau kitu": umeniandikia ugonjwa pamoja na jina lake. Ndege inayopanda, ikasimama, ikarudi kwa mkia, ni nzito nyuma. Ungeijenga kwa balsa iliyotoka Ecuador kwenyewe, ingefanya hivyohivyo. Ndiyo maana kabla ya kutaja chupa na mirija nataka mjenge kwanza kitu ambacho video haikuwaonyesha, yaani mizani.

Mizani ya gramu dukani ni bei kali. Ya kwenu itatoka mezani. Chukua rula ya sentimita 30, ilaze juu ya penseli ya pembe sita iliyobandikwa isibiringike, kisha ubandike kizibo cha soda kila mwisho, umbali uleule kutoka katikati. Ikiinama upande mmoja, ongeza vipande vya skochi upande wa pili mpaka itulie. Sasa mawe ya kupimia. Angalia pakiti ya karatasi za fotokopi: imeandikwa 80 g, maana yake mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina gramu 80. Karatasi 16 za A4 zinafanya mita moja ya mraba, kwa hiyo kila karatasi ni gramu 5. Ikate vipande vitano vilivyo sawa, umepata mawe ya gramu moja moja. Kimoja ukikate katikati, nusu gramu. Vikunje vidogo viingie kwenye kizibo. Mkiwa na shaka, nunueni bomba la sindano kwenye duka la dawa, bila sindano yenyewe: mililita moja ya maji ni gramu moja.

Usiione kazi hiyo ya kitoto. Mwaka 1901 ndugu wawili Wright, watengeneza baiskeli wa Dayton, Marekani, walitaka kujua bawa la umbo gani linabeba vizuri. Mizani yao, ile ndogo waliyoiweka ndani ya sanduku la upepo, waliiunda kwa vipande vya misumeno ya kukatia chuma na spoku za baiskeli. Miaka miwili baadaye wakaruka kwa ndege yenye injini. Kwa hiyo ukimwona mtu anacheka rula yako na vizibo, mwache acheke.

Haya, pima katoni yako. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 uuweke kwenye kizibo. Katoni ya kawaida yenye mawimbi ndani itakupa gramu 5 hivi. Chukua frigoliti, ile nyeupe inayozunguka televisheni ndani ya boksi, uikate unene wa milimita 5 kwa kipimo hichohicho: gramu moja hivi. Bawa la sentimita 60 kwa 10 ni miraba sita ya namna hiyo. La katoni gramu 30, la frigoliti gramu 6. Hapo hatujaweka mkia, waya wala ile skochi mliyozungusha mara nne nne. (Najua mlizungusha. Kila mtu anazungusha.)

Halafu kumbuka tunaishi wapi. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 14 hivi. Ndege ileile ikirushwa hapa inabidi iende haraka zaidi, asilimia 7 au 8, ndipo hewa iibebe. Nilipokuwa fundi wa ndege ndogo za mizigo niliona watu wazima wakilipia somo hilo. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilimeza kipande cha kaskazini cha njia ya kurukia, njia ikawa fupi, na asubuhi moja nikamwona rubani amesimama mbele ya magunia ya maharage anaonyesha kwa kidole: hili, hili na lile, yashuke. Mwenye mzigo akalia, akaapa, akampigia simu mkubwa wake. Magunia yalishuka. Wewe utakuwa rubani wa namna hiyo kwa kila kipande cha skochi.

Basi twende kwenye vitu. Frigoliti usiinunue, iombe. Wauza friji na televisheni wanaitupa au wanaichoma, na moshi wake ni mbaya, utakuwa umewasaidia. Chagua ile yenye punje ndogo zilizoshikana. Ukiivunja na punje zikamwagika kama mchele, iache. Vile visahani vyembamba vinavyowekewa nyama au keki ni bora zaidi kwa mkia, maana tayari vina unene wa milimita 3 au 4 na vimenyooka. Kupasua kipande kinene, weka vibao viwili vyenye unene unaoutaka pande mbili za frigoliti, kisha pitisha kisu kirefu chembamba, kilicholala juu ya vibao hivyo. Kivute, usikisukume. Ukisukuma kinang'oa punje na bawa linakuwa kama limetafunwa na panya. Wako wanaotumia waya wa moto na betri ya pikipiki. Unakata vizuri, lakini unatoa mvuke usiofaa kuvutwa na unaunguza vidole vya wadogo zako. Kwa ndege ya kwanza, kisu kinatosha.

Kusawazisha, hapa Goma Mungu ametutajirisha. Okota jiwe jepesi la volkano lenye matundu, lile akina mama wanasugulia visigino, ulisugue kwanza kwenye saruji lipate uso ulionyooka. Hiyo ndiyo msasa yako. Mbele ya bawa pawe mviringo, nyuma pawe pembamba. Kisha ulipe bawa mgongo: bandika skochi pana, tabaka moja tu, upande wa chini, na ulivute taratibu juu ya ukingo wa meza huku unalikandamiza kwa kiganja, mara tano sita, mpaka lijikunje kidogo kama kigae. Bawa bapa kabisa linaruka, lakini lenye mgongo linaruka kwa heshima.

Frigoliti peke yake inavunjika katikati. Mfupa wake ni njiti ya brosheti, ile ya mianzi ya kuchomea mishikaki. Chora mstari theluthi moja kutoka mbele ya bawa, pasua mfereji mdogo, zika njiti, paka kole, yaani gundi. Njiti moja ya sentimita 25 haifiki gramu 2, pima uone. Bawa likatwe katikati na kuunganishwa kwa pembe, kila ncha ipande sentimita 3 hivi juu ya meza; bila hivyo ndege ikiinama upande mmoja haina kitu cha kuirudisha.

Kuhusu kole, nisikilize vizuri maana hapa nililia. Kole ya haraka, ya kichupa kidogo, inakula frigoliti. Kole ya viatu nayo inaila, na rangi ya kupuliza pia. Mimi nilikuwa na bawa la mita nzima, nimelisugua siku tatu, kesho yake nilikuwa nimewaahidi watoto wa mtaa. Usiku, umeme umekatika, nikapapasa sandukuni nikachukua kichupa bila kusoma. Nilisikia kama mtu anakaanga kitu kwa mbali. Nilipowasha tochi, katikati ya bawa palikuwa na bonde ambalo ungeweza kupanda viazi. Tumia kole nyeupe ya maseremala, uichanganye na maji kidogo, uiache usiku kucha chini ya vitabu. Siku zote jaribu kole mpya kwenye kipande cha kutupwa kwanza.

Kiwiliwili usikifanye kwa waya. Waya ndio uliowaangusha: mkia ukiwa sentimita 30 nyuma ya mahali ndege inapolala sawa juu ya kidole, na pua sentimita 10 mbele yake, kila gramu moja unayoiweka mkiani inadai gramu 3 puani. Umefunga gramu 10 za waya nyuma? Unadaiwa 30 mbele, na ndege imekuwa jiwe. Kunja karatasi ya daftari mara tatu kuzunguka mpini wa ufagio uliofungwa plastiki, ukipaka uji mzito wa unga wa muhogo kati ya tabaka. Ukikauka unachomoa mpini na umebaki na mrija mgumu mwepesi kuliko unavyodhani. Uji huo unashika karatasi kuliko kole nyingi za dukani, kasoro yake mende wanaupenda, kwa hiyo ndege ilale imening'inizwa kwenye dari. Kwa ndege ndogo kabisa hata bua la mtama lililomenywa linafaa, kama lile tulilochezea kijijini.

Mkia: bapa, frigoliti nyembamba, eneo lake kama sehemu moja ya tano ya bawa. Ukitaka kipande cha nyuma kikunjwe juu au chini, bawaba nzuri kuliko zote iko kwenye bahasha ya zamani juu ya kabati la wazazi wako: picha ya radio, yaani eksirei, ya mguu wa mtu fulani. Omba ruhusa kwanza. Kipande cha sentimita 2 kinakunjika mara elfu bila kukatika. Na ukiiloweka kwenye maji ya Javel, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, picha inayeyuka inabaki plastiki angavu ya samawati, kioo kizuri cha rubani. Fanya nje penye hewa, vaa glavu, na usichanganye Javel na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu.

Kioo chenye mviringo nacho kinapatikana kwa chupa ya maji: chonga umbo kwa mti, liingize ndani ya chupa iliyokatwa, uizungushe juu ya makaa ya mbabula, jiko letu la makaa, bila kuyagusa. Plastiki inajikaza yenyewe juu ya mti. Magurudumu yakatwe kwenye kandambili iliyokufa, lakini kwa ndege ya kurushwa kwa mkono sioni kazi yake zaidi ya uzito. Yaache.

Sasa elastiki. Inawezekana, na ni jambo la zamani sana. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege chake katika bustani ya Tuileries, Paris, mbele ya watu, kikasukumwa na mpira uliosokotwa tu. Kilikuwa na bawa la sentimita 45 na uzito wa gramu 16. Angalia hizo namba tena, kwa sababu ndizo jibu langu: usiiwekee elastiki hii ndege ya sentimita 60. Jenga ya pili, ndogo, na usivuke gramu 20.

Helisi yake inatoka kwenye kikombe cha yogati. Ubavu wa kikombe tayari umejikunja, na helisi inataka hivyohivyo. Chora panga moja la urefu wa sentimita 7 au 8, lakini usilichore wima. Lilaze kando kama nyuzi 15, ili ukilikata liwe limejisokota lenyewe kutoka shina hadi ncha. Kata la pili linalofanana nalo kabisa, mlalo uleule, usiligeuze kama kwenye kioo. Yabandike kwenye njiti, pande mbili za kipande cha mrija, uyapime kwenye rula: zito likatwe ncha mpaka yalingane. Mhimili ni klipu ya karatasi iliyonyooshwa, iliyopita ndani ya kipande cha mrija wa wino wa kalamu uliosafishwa. Na kati ya helisi na mrija huo weka shanga moja, zile ndogo za kusukia nywele, ili visisuguane. Dada yako atakosa shanga moja hatajua. Akijua, usiseme ni mimi.

Mpira wenyewe ndio watu wengi wanakosea. Mpira wa ndani wa baiskeli tunao kila kona, na kwa kufungia bawa juu ya kiwiliwili hauna mwenzake: ndege ikigonga, bawa linaruka pembeni badala ya kuvunjika. Lakini kwa kuzungusha helisi ni mvivu. Umetengenezwa ili uzuie hewa isitoke, na nguvu unayoutia kwa kuusokota unakurudishia kwa unyimi. Tumia elastiki za kufungia noti, zile za rangi ya asali, uziunganishe ziwe mkanda. Zipake glisirini, ileile ya kupaka ngozi inayouzwa kila duka la vipodozi, zisikatane zinaposokotwa. Vaselini hapana, inatoka kwenye mafuta ya petroli na inaozesha mpira. Unaposokota, mdogo wako ashike helisi, wewe uvute mkanda wa elastiki mpaka urefu mara tatu, uusokote ukiwa umevutwa, na urudi mbele polepole kadiri unavyosokota. Hivyo unaingiza mizunguko mingi zaidi kuliko kusokota ukiwa umelegea.

Turudi kwa mgonjwa wetu, maana hajapona. Bawa lisibandikwe moja kwa moja, lifungwe kwa mpira liweze kusogezwa. Weka vijiti viwili vya kiberiti, kimoja juu ya kingine, chini ya ukingo wa mbele wa bawa: milimita 4 kwenye upana wa sentimita 10 ni nyuzi 2 na kidogo, na hicho ndicho kipimo kizuri cha kuanzia. Kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, theluthi moja kutoka mbele. Mkia ukishuka, ongeza udongo wa mfinyanzi puani, punje kwa punje, mpaka ilale sawa. Usiongeze kwa kukisia ukaenda kurusha.

Mtupo uwe mwepesi, kama unamkabidhi mtu kikombe cha chai, pua ikiangalia chini kidogo, mbele yako pawe majani. Usiitupe kuelekea juu; nadhani mliitupa juu, na ndege nzito nyuma ikitupwa juu haina tena la kufanya. Ikipanda na kusimama, ongeza punje ya udongo. Ikipiga mbizi, kwanza kunja ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, milimita moja, kabla hujapunguza udongo. Badilisha kitu kimoja kwa kila mtupo. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekuponya.

Nendeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka; kufika saa nne unavuma na frigoliti itavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, bila pasipoti. Tafuteni uwanja wa mpira au wa shule, mwombe mlinzi, waambieni majirani mnafanya nini. Msikaribie uwanja wa ndege wala mahali penye watu wa silaha, na msiweke juu yake taa wala kitu kinachofanana na kamera. Wewe unajua ni kisahani cha nyama na njiti ya brosheti, mtu wa mbali hajui.

Ikikataa tena, niandikie, lakini usiniambie "imeanguka" tu. Nipe namba tatu: uzito wote kwa gramu, upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma, na ni sentimita ngapi kutoka ukingo wa mbele ndege inalala sawa juu ya vidole. Na kile kipande cha waya mlichokitoa, nacho kipime, nina hamu ya kujua kilikuwa gramu ngapi.